Programu zenye kulinda michezo: namna zinaweza kusimamisha ordinatere yote

Mutu akiweka muchezo mukubwa wa leo kwenye ordinatere ya Windows, mara nyingi anaweka programu mbili. Ya kwanza ni muchezo wenyewe. Ya pili inaingia pamoja nao, haionekane sana, na kazi yake ni kuchunga kama mwenye kucheza hadanganye. Kwa Kifaransa inaitwa anti-triche. Tuseme hapa mulinzi wa muchezo. Ni huyo mulinzi, hapana muchezo, mwenye mara nyingi analeta matatizo: klavie haiandike tena, mashini inapata joto, ekrani ya bulu inatokea, ao ordinatere inawaka na kubakia nyeusi.

Mu Kamina vijana wengi wanacheza mupira kwenye PlayStation ao kwenye telefone, na huko hatari hiyo ni ndogo sana. PlayStation inafungwa na kampuni yenye iliitengeneza, na telefone haiachilie muchezo ufike ndani sana. Ordinatere ni jambo lingine. Ile moja yenye iko nyumbani inafanya kazi ya watu wengi: mwanafunzi wa UNIKAM anaandikia kazi yake ya mwisho wa masomo, baba anaweka hesabu za depo, na mangaribi mutoto mukubwa anacheza. Ikikataa kuwaka asubui, si muchezo tu wenye umesimama.

Piloti na kiini

Ndani ya Windows kuko ngazi mbili. Programu za kawaida, kama Word ao ile ya kufungulia intaneti, ziko ngazi ya juu. Haziguse vyombo vya mashini. Zikitaka kuandika kitu kwenye diski ao kutoa sauti, zinaomba. Ngazi ya chini iko kiini (Wafaransa wanasema noyau), na kiini ndicho kinagawa kumbukumbu, kinapanga zamu, kinakubali ao kukatala. Pamoja na kiini kuko piloti: programu ndogo zenye kuongoza kila chombo, piloti ya klavie, ya Wi-Fi, ya karte ya video, ya vantilatere. Mafundi wengine wanasema drayva. Ni kitu kimoja.

Mukaaji wa Kamina anaweza kuelewa kwa kuangalia gare yake. Njia za reli zenye kutoka Lubumbashi, Ilebo na Kabalo zinakutana hapa. Abiria anaweza kukosa tikiti, kugombana, kulala usingizi: treni inaenda tu. Lakini mutu mwenye kushika kile chuma cha kugeuza njia, akikosea mara moja, wote wanasimama, hata wale wenye hawakufanya kitu. Programu ya kawaida ni abiria. Piloti iko na mukono kwenye chuma. Ndiyo maana Word ikikosea inajifunga peke yake, lakini piloti ikikosea Windows yote inasimama na kuonyesha ekrani ya bulu. Inaona afazali kusimama kuliko kuandika uongo kwenye diski.

Dunia iliona jambo hilo tarehe 19 mwezi wa 7, 2024. CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa ordinatere za makampuni, yenye haihusike na michezo hata kidogo, ilituma faili moja yenye kosa kwa piloti yake. Microsoft ilihesabu ordinatere milioni 8 na nusu zenye zilisimama. Ndege zilibakia chini, hospitali na banki zikakwama. Na hao walikuwa watu wa kazi ya ulinzi, hapana watu wa michezo.

Juu ya nini mulinzi alishuka mpaka kule

Michezo ya kupigana risasi kwa intaneti iko na ugonjwa wa zamani. Mutu ananunua programu ya kudanganya: inamuonyesha maadui nyuma ya ukuta, ao inalenga risasi pa nafasi yake. Zamani mulinzi alikuwa programu ya kawaida, anaangalia kumbukumbu ya ordinatere akitafuta alama za udanganyifu. Wenye kutengeneza udanganyifu wakashuka kwenye kiini, kwa kupitia piloti. Kutoka kule wanaweza kumupa mulinzi picha ya uongo: anaangalia, anaona kila kitu kiko safi. Basi mulinzi naye akashuka. Ni vita ya watu wawili, lakini inapiganiwa ndani ya nyumba ya mutu wa tatu.

Leo walinzi wa namna hiyo ni wengi. Kuko BattlEye ya Ujerumani, kuko Easy Anti-Cheat yenye ilianzia Finland na tangu 2018 ni ya Epic Games, kuko Ricochet ya Call of Duty tangu 2021. Wapenda mupira wako nao vilevile: EA ilileta mulinzi wake wa ndani kwenye FIFA 23, mwaka 2022, na siku za kwanza watu wengi wenye walilipa muchezo walipata tu ujumbe wa kosa, muchezo haufunguke. EA ilisema mulinzi wake anaamuka wakati muchezo unafunguliwa na analala wakati unafungwa. Si wote wako vile.

Vanguard

Riot Games, kampuni ya Marekani, ilitoa Valorant tarehe 2 mwezi wa 6, 2020, kisha kuijaribisha na watu tangu mwezi wa 4. Mulinzi wake anaitwa Vanguard. Piloti yake inaamuka pamoja na Windows, mbele mutu hajaandika hata neno lake la siri, na inabakia macho siku yote, muchezo ufunguliwe ao usifunguliwe. Riot ilieleza sababu: udanganyifu ukiamuka mbele ya mulinzi, mulinzi hawezi tena kuamini chenye anaona. Hiyo ni kweli.

Lakini Vanguard ilikuwa pia na orodha ya piloti zenye ziko na tundu, ni kusema kasoro yenye mudanganyifu anaweza kupitia. Ikikuta moja, inaizuia. Na piloti hizo hazikuwa za wezi. Nyingi zilikuwa za programu za kawaida tu: za kupima joto la prosesere, za kuongoza vantilatere. Mu 2020 malalamiko yakaanza. Wengine walisema programu yao ya kupoza mashini ilizimwa bila wao kujua, joto likapanda. Wengine klavie na suri vilikataa kazi. Mu mwezi wa 5 Riot ilirekebisha: ikapunguza vitu vyenye inazuia, na ikaweka alama chini ya ekrani yenye mutu anaweza kuzimia Vanguard. Akiizima, hawezi kucheza mpaka awashe ordinatere upya.

Kwa haki, piloti zile zilikuwa na kasoro za kweli, na kuzifunga haikuwa wazimu. Ubaya ni kwamba mutu mwenye kukaa mbali sana aliamua, pa nafasi ya mwenye mashini, kama kupoza prosesere kunaweza kungojea. Mu chumba chenye hakina hewa, mwezi wa 10 mbele ya mvua, hesabu hiyo haiko moja na ile ya ofisi ya California.

Ile habari yenye inazunguka, kwamba muchezo "umeunguza" ordinatere, mara nyingi haisimame. Prosesere za leo zikipata joto zinajipunguzia nguvu, kisha zinajizima, mbele ya kuungua. Vumbi ndani ya vantilatere, na umeme wenye kupanda na kushuka, ni vya kuogopa mbele ya Vanguard. Mashini yenye imekuwa nyeusi kisha mambo ya muchezo, mara nyingi haijakufa. Ni vizuri mutu ajue hilo mbele ya kuiuza kwa vipande, ao mbele ya kuituma Lubumbashi kwa treni.

Mashini za okazio, ndiko maneno iko

Tangu Windows 11, mu 2021, Vanguard inaomba vitu viwili kwa wenye Windows hiyo. Kimoja ni TPM 2.0, chipu ya kutunzia siri. Kingine ni Secure Boot, mupango wenye kukataza programu yenye haina sahihi yenye kukubaliwa isiamuke mbele ya Windows. Kikikosekana kimoja, muchezo unaonyesha VAN9001 ao VAN9003, na basi. Battlefield 6 ya EA, yenye ilitoka mwezi wa 10, 2025, nayo haifunguke bila Secure Boot. Mwezi ule ule, tarehe 14, Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida kwa Windows 10. Kwa hiyo wenye ordinatere za zamani wanasukumwa kwenye Windows 11, wengine kwa kuipitisha kwa dirisha kwenye mashini zenye hazikupangwa kwa ajili yake, na kule wanakutana na mulinzi.

Mutu anasoma ujumbe wa kosa. Anaambiwa na rafiki: ingia mu BIOS, bonyeza F2 ao Suppr, weka Secure Boot. Anaweka, anatunza, ordinatere inawaka tena, na hapana kitu. Ekrani nyeusi, ao neno moja la kusema hakuna diski.

Chenye kimefanyika mara nyingi ni hiki. Mashini nyingi za okazio ziliwekwa Windows kwa njia ya zamani: diski imegawanywa kwa namna ya MBR, na BIOS iko mu hali yenye Windows ya Kifaransa inaita "Hérité". Secure Boot inafanya kazi tu na hali mupya, UEFI, na UEFI inataka diski ya namna ya GPT. BIOS ikigeuzwa na diski haijageuzwa, mashini haione tena mulango wa Windows. Faili zote ziko pale pale, hakuna hata moja yenye imepotea. Kuko na hali ya pili, yenye kuogopesha zaidi: karte ya video ya zamani yenye haijue UEFI. Secure Boot ikishawekwa, karte hiyo haitoe picha yoyote, hata ile ya BIOS yenyewe, na mutu anaapa kwamba karte mere imekufa.

Vanguard ilipoingizwa mu League of Legends, mwanzo wa mwezi wa 5, 2024, malalamiko ya namna hiyo yalijaa. Riot ilijibu kwamba wenye waliripoti matatizo hawafikie 0,03% ya wachezaji, na kwamba haikuweza kuhakikisha hata mashini moja yenye Vanguard iliharibu chombo chake; kati ya kesi zenye ilichunguza, mipango ya BIOS ilikuwa na sehemu yake. Kampuni inajitetea, hiyo ni kawaida. Lakini maelezo yale yanapatana na yenye fundi yeyote anaweza kuona kwenye meza yake.

Kuangalia mbele ya kugusa hakuombe mega hata moja. Mutu anabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, anaandika msinfo32, na ukurasa unafunguka. Mustari "Mode BIOS" ukisema UEFI, diski iko tayari. Ukisema "Hérité", Secure Boot isiguswe kwanza. Windows iko na chombo chake cha kugeuza diski bila kufuta faili, kinaitwa mbr2gpt, lakini ni kazi ya fundi mwenye anaijua, na kisha kutunza faili zote pembeni kwenye flashi ao diski ingine. Kama mashini imeshakuwa nyeusi, mara nyingi kwa ordinatere ya mezani inatosha kuchomoa umeme na kutoa ile betri ndogo ya duara kwenye karte mere kwa dakika chache. BIOS inasahau mipango ya mutu na kurudia ile ya fabrike.

Kitu kimoja kinasahaulika na kinaumiza kuliko vyote. Windows 11 nyingi zinafunga diski kwa siri, kwa mupango wenye unaitwa BitLocker, na mwenyewe hajui. Secure Boot ao TPM ikibadilishwa, inaweza kuomba funguo ya tarakimu 48 mbele ya kufunguka. Funguo hiyo inatunzwa kwa konti ya Microsoft ya mutu mwenye alifungua mashini mara ya kwanza. Kwa mashini ya okazio, mutu huyo anaweza kuwa Dubai ao Bruxelles, na hajulikane hata jina. Bila funguo, kazi ya mwaka muzima ya mwanafunzi iko ndani na haitoke tena. Fundi anaweza tu kufuta na kuanza upya. Kwa hiyo mwenye kununua mashini ya namna hiyo anafanya vizuri kuandika "BitLocker" mu kisanduku cha kutafutia cha Windows siku ile ile, aone kama diski imefungwa, na akikuta imefungwa aandike funguo kwenye karatasi, ao afungue diski mbele ya kuweka kitu chochote cha maana.

BIOS mupya na umeme wa hapa

Mu mwezi wa 12, 2025, Riot ilitangaza kasoro mu BIOS za karte mere zingine za Asus, Gigabyte, MSI na ASRock. Ulinzi wenye unapaswa kukataza chombo cha inje kusoma kumbukumbu wakati mashini inaamuka ulikuwa unaonyesha kama umefungwa, na kumbe bado. Wadanganyifu wenye kutumikisha karte za pekee walikuwa wanapita hapo. Makampuni yalitoa BIOS mupya, na Riot ikasema wachezaji wengine wataombwa kuiweka mbele ya kucheza.

Kuziba tundu ni vizuri, na hili lilikuwa tundu la kweli hata kwa mwenye hacheze. Lakini BIOS si programu kama zingine. Umeme ukikatika katikati ya kuandikwa kwake, karte mere inaweza kubakia bila kitu cha kuiamusha, na betri ndogo haisaidie tena. Hapo ndipo chombo kinakufa kweli, hata kama mulinzi hakukigusa. Mu muji wenye watu wanatumikisha panneau za jua, jenereta ya esanse, ao umeme wenye kuja na kuenda, ordinatere ya mezani bila onduleur haipaswe kuguswa BIOS yake juu ya muchezo. Laptopu yenye betri nzima, imejaa, na charje imechomekwa, iko afazali.

Piloti ya muchezo mu mikono ya wezi

Mu mwezi wa 9, 2016, Capcom iliweka mulinzi mupya mu Street Fighter V. Piloti yake, capcom.sys, ilikuwa inaachilia programu yoyote ifanye chenye inataka ndani ya kiini. Wachunguzi waliona, na kampuni ikaitoa haraka. Hadisi ya Genshin Impact ni nzito zaidi. Muchezo huo wa China ulitoka mu 2020 na piloti yenye inaitwa mhyprot2.sys. Mu mwezi wa 8, 2022, kampuni Trend Micro ilieleza namna wezi waliitumikisha kuzima antivirusi kwenye ordinatere za watu, kisha wakafunga faili na kuomba feza. Wale wenye waliumizwa hawakuhitaji kuwa na Genshin. Wezi walikuja na piloti mu mufuko wao, na Windows ikaikubali juu ilikuwa na sahihi halali. Ofisi yenye haijaona muchezo hata siku moja inaweza kuvunjwa kwa chuma chenye kilitengenezwa kulinda muchezo.

Kuko pia ile ya ESEA, ya 2013: programu yake ya kulinda mashindano ilikutwa inachimba bitcoin kwa siri na karte za video za wachezaji. Kampuni ilimaliza maneno na jimbo la New Jersey kwa mapatano ya dola milioni 1.

Na kosa bila ubaya wowote linatosha. Mu mwezi wa 10, 2024, Microsoft ilizuia toleo 24H2 la Windows 11 lisiingie kwenye ordinatere zingine zenye prosesere za Intel, juu toleo la zamani la Easy Anti-Cheat lilikuwa linaleta ekrani ya bulu.

Hata hivyo, mulinzi mwenye jina ni afazali kuliko programu za kudanganya na michezo ya kuvunjwa yenye inapita kwa flashi. Hizo zinaomba mutu azime antivirusi na afungue Secure Boot yeye mwenyewe, na hakuna mutu wa kulalamikia. Tena mwenye kukamatwa akidanganya anaweza kufungiwa mashini yenyewe, hapana jina lake tu: walinzi wengine wanatambua nambari za karte mere na za diski. Mashini ikiuzwa, kifungo kinaweza kuenda nayo, na munuzi anashangaa muchezo unamukataa siku ya kwanza.

Kutoa muchezo hakutoshe kutoa mulinzi. Kwenye orodha ya programu za Windows, Riot Vanguard iko na mustari wake peke yake, na EA AntiCheat vilevile. Ni pale inatolewa, kisha ordinatere inazimwa na kuwashwa upya. Nusu ya hizo, mulinzi anaendelea kuamuka kila asubui kwa ajili ya muchezo wenye haupo tena.